Herufi Nyembamba za Vichwa: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Kadi za harusi, mabango ya maulidi, vioo vya saluni, majalada ya tenzi: hapa Tanga herufi nyembamba zenye serifu zimeshika kasi, na zinastahili. Nazungumzia zile fonti ndefu zilizosimama wima, zenye nguzo nene, nyuzi nyembamba, na vikanyagio vidogo kwenye ncha za herufi. Vikanyagio hivyo ndivyo serifu. Fonti za namna hii huchorwa kwa ajili ya vichwa vikubwa, si kwa ajili ya aya, na Kiswahili kinafaidika nazo sana kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Chukua neno TUNAWAKARIBISHA, herufi 15, kwenye karatasi ya A3 iliyosimama. Upana wa karatasi ni milimita 297. Ukiacha pambizo za milimita 15 kila upande, unabaki na 267. Kwa fonti ya upana wa kawaida neno hilo litakaa kwenye mstari mmoja kwa ukubwa wa takriban pointi 72 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi). Kwa fonti nyembamba iliyochorwa vizuri litafika pointi 110 hivi, karatasi ni ileile.

Kazi ikiharibika, fonti ndiyo hutupiwa lawama kwanza. Mimi hupokea faili za watu na kuzitengeneza kabla hazijaenda mashineni, na jambo moja linajirudia: fonti ilichaguliwa kwa kutazama ukurasa wa mfano wenye maneno ya Kiingereza, ikapendwa hapo, kisha ikatwishwa Kiswahili bila mtu kukitazama kwa makini. Lugha yetu ina WA na YA na KWA kila mahali, ina m na n na u zinazofuatana, ina ng' yenye alama yake. Fonti nzuri kabisa inaweza kuyumba hapo. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni kuandika kichwa chako chenyewe, kwa ukubwa wake halisi, na kukichapa kwenye karatasi ya kawaida. Bango likiwa kubwa mno, chapa neno moja tu. Ukishaliona mkononi, tafuta dalili yake humu.

"Herufi zimekamuliwa"

Herufi ni nyembamba, ndiyo, lakini hazina afya. O imebonyea mbavuni, serifu zimekuwa fupi na nene, na nguzo za wima zimepoteza nguvu mbele ya mistari ya mlalo.

Chanzo ni kwamba hapo hakuna fonti nyembamba. Mtu amechukua fonti ya kawaida, tuseme Times New Roman, akashika pembe ya kisanduku cha maandishi na kuisukuma ndani. Hesabu yake ni nyepesi. Nguzo ya milimita 10 ukiibana hadi asilimia 70 inakuwa milimita 7. Uzi wa mlalo wa milimita 2 unabaki milimita 2, maana urefu haukuguswa. Uwiano uliokuwa tano kwa moja umeshuka hadi tatu na nusu kwa moja, na jicho linauona mshuko huo hata kama mtu hawezi kuueleza. Mchoraji wa fonti nyembamba halisi hafanyi hivyo. Yeye hupunguza matundu, yaani ile nafasi nyeupe ndani ya herufi, analinda unene wa nguzo, kisha ananyoosha mbavu za O ziwe karibu wima.

Apple kuanzia 1984 walitumia ITC Garamond iliyobanwa hadi asilimia 80, na ikapendwa duniani kote. Lakini unene wa mistari ya fonti ile ulipitiwa na kurekebishwa na mafundi wa fonti. Haikuachwa kama ilivyotoka kwenye kubanwa. Kazi hiyo ya marekebisho ndiyo ambayo kuvuta pembe ya kisanduku hakuwezi kukufanyia.

Kuthibitisha, fungua mipangilio ya herufi katika programu yako usome kipimo cha upana. Kinatakiwa kiwe asilimia 100. Kama maandishi yameshageuzwa kuwa mchoro, namba hiyo huipati. Andika neno lilelile pembeni kwa fonti ileile, kwa kimo kilekile, ulinganishe nguzo za herufi N. Tofauti itajitokeza.

Tiba ni kurudisha asilimia 100 na kuweka fonti iliyozaliwa nyembamba. Za bure zipo kwenye Google Fonts. Instrument Serif ni nyembamba kiasi na inapendeza kwa kadi na majalada. Roboto Serif ni fonti ya kubadilika: ina mhimili wa upana unaoshuka hadi 50 na kupanda hadi 150, na ukiusogeza herufi huchorwa upya badala ya kukamuliwa. Kubana kwa asilimia 2 au 3 ili neno litoshe, sawa, nami hufanya. Kuzidi hapo sikubali, mteja awe na haraka kiasi gani.

"Mistari myembamba imekatika"

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi kuliko zote, na ndiyo yenye vyanzo vingi, kwa hiyo tukae nayo.

Fonti nyingi za vichwa zenye serifu zinafuata njia ya Bodoni wa Parma na familia ya Didot wa Paris, waliochora mwishoni mwa karne ya 18: nguzo nene sana, uzi mwembamba sana. Tuseme uzi una unene wa sehemu 20 kati ya 1000 za ukubwa wa fonti. Kwa pointi 72 uzi huo ni nusu milimita, hauna shida. Kwa pointi 12 unashuka hadi milimita 0.085, na hicho ni kipimo cha nukta moja ya picha ya nukta 300 kwa inchi. Chini ya pointi 12 uzi umekuwa mwembamba kuliko nukta yenyewe, basi mashine inakisia: mara inachapa, mara inaruka. Ndiyo maana e inasomeka c na H inasomeka nguzo mbili.

Kosa, basi, ni kuchukua mchoro wa kichwa na kuuandikia ukumbi, saa na namba za simu. Mafundi waliopanga herufi za madini ya risasi za gazeti la Kiongozi hapahapa Tanga, mwanzoni mwa karne ya 20, wasingeweza kulifanya kosa hili hata wangetaka, maana herufi ya risasi haikuzwi wala haipunguzwi. Kila ukubwa ulikuwa na herufi zake, na katika chapa ya risasi herufi ndogo zilichongwa kwa nyuzi nene zaidi. Kompyuta ndiyo iliyoturuhusu kutumia mchoro mmoja kwa kila ukubwa. Sasa fonti za kubadilika zinaurudisha utaratibu wa zamani kwa mhimili wa ukubwa wa macho. Playfair mpya, kwa mfano, ina mhimili unaoanzia pointi 5: ukiwa chini nyuzi zinanenepa, ukipanda zinakonda. Kama huna fonti ya aina hiyo, andika maelezo madogo kwa fonti nyingine kabisa. Kichwa kinahitaji mwenzake, na mwenzake si lazima awe wa ukoo mmoja.

Kama ukubwa unatosha na bado mistari inakatika, angalia kimechapwa juu ya nini.

Maandishi meupe juu ya rangi nzito: wino husambaa kidogo ukiingia kwenye karatasi, na husambaa kuelekea kwenye uzi mweupe na kuuziba. Rangi ya nyuma ikiwa imejengwa kwa wino wa aina nne hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mojawapo ikisogea kidogo uzi unajaa rangi. Tumia wino mmoja nyuma, au uongezee maandishi meupe mstari wa pembeni wa milimita 0.1 wenye rangi nyeupe ileile.

Vinaili ya kukatwa kwa plota (mashine ya kisu), ile ya kubandika kwenye vioo vya maduka: hapa mji wetu una adhabu yake. Uzi mwembamba una gundi kidogo mno. Kisu kikipita pande zote mbili, kinachobaki ni kiutepe ambacho hung'oka wakati wa kutoa mabaki, na kisipong'oka siku hiyo kitaanza kujikunja baadaye kwa joto, unyevu na chumvi ya bahari. Mimi sikati uzi ulio chini ya milimita 2. Ukirudi kwenye ile hesabu ya 20 kwa 1000, hiyo inataka herufi kubwa zenye kimo cha kama sentimita 7. Chini ya hapo nabadilisha fonti, nachagua nyembamba yenye tofauti ndogo kati ya nguzo na uzi. Cheltenham ni mfano mzuri wa ukoo huo: Bertram Goodhue aliianza mwishoni mwa karne ya 19, na New York Times walipounganisha vichwa vyao mwaka 2003 waliichagua hiyo, ikachorwa upya na Matthew Carter, pamoja na maumbo yake membamba. Nyuzi zake zina mwili.

Fulana: nyavu za kuchapia kwa skrini hazishiki mstari ulio chini ya nusu milimita kwa uhakika. Pima uzi kwenye faili, usibahatishe.

Simu: mabango mengi siku hizi hayachapwi kabisa, yanarushwa WhatsApp. Picha yenye upana wa pikseli 1080 na maandishi ya ukubwa wa pikseli 36 ina uzi wa pikseli 0.7. Hakuna pikseli isiyotimia, kwa hiyo uzi unageuka kijivu, halafu WhatsApp inaipunguza picha na kijivu kinapotea. Panga maandishi madogo kwa fonti isiyo na serifu, na kwa mtu anayekwenda kuchapa, tuma faili kama hati badala ya picha.

"Sioni neno, naona vijiti"

Maneno haya yalisemwa na bi mkubwa mmoja wa kamati ya maulidi nilipompa sampuli. Aliishika mbali na uso, akainama nayo kwenye mwanga wa dirishani.

"Mwanangu, hapa umeandika nini?"

"Waumini wote mnakaribishwa, bibi."

"Hilo la kwanza mimi sioni neno, naona vijiti."

Alikuwa sahihi, na fonti ilikuwa nzima. Hesabu nguzo za wima katika neno muumini: m ina tatu, u mbili, u nyingine mbili, m tatu, i moja, n mbili, i moja. Jumla 14, zote za unene mmoja, zote zikiwa zimepishana kwa nafasi inayokaribiana. Katika fonti pana matao ya m na n huonekana na kulivunja neno vipandevipande. Katika fonti nyembamba matao yamebanwa juu kabisa, jicho la mtu mzima halifiki huko, na kinachobaki ni uzio. Ununuzi, manunuzi, umuhimu, muungano: Kiswahili kimejaa maneno ya namna hii, na yanapenda kukaa kwenye vichwa.

Kanuni ya kupanga herufi ni kwamba nafasi kati ya herufi na herufi iendane na tundu lililo ndani ya herufi. Fonti ya kichwa imebanwa nafasi zake kwa sababu mchoraji anatarajia utaitumia kubwa sana. Ukiitumia kwa ukubwa wa wastani, kati ya pointi 30 na 50 hivi, ongeza nafasi ya jumla kwa sehemu 15 hadi 25 kati ya 1000. Anza na 15, chapa, tazama ukiwa umesimama. Ukifika 40 herufi ndogo zitaanza kutengana na neno litavunjika, kwa hiyo usiende huko.

Kwa bango la bi mkubwa niliweka 20, nikapunguza maneno ya mstari ule ili herufi zipate kukua, na nikabadilisha fonti kwa ndugu yake ambaye matao ya n yanachipuka chini zaidi kwenye nguzo. Hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi kubwa. Unapochagua fonti, kuza herufi n hadi ijae skrini utazame tao linaachana na nguzo wapi. Likiachana mapema, neno litasomeka. Likigandamana na nguzo hadi juu, utapata vijiti.

Kuandika kwa herufi kubwa tupu kunasaidia kiasi: WAUMINI ina mishazari ya W, A, M na N inayovunja uzio. Ila M nyembamba huwa nzito na nyeusi kuliko jirani zake, na mstari mzima wa herufi kubwa unachosha ukizidi maneno manne au matano.

"Kuna pengo hapa"

Andika TANGA kwa herufi kubwa uitazame T na A. Mkono wa T unaning'inia, mteremko wa A unakimbia, na kati yao kunabaki uwazi usiokuwepo kati ya N na G. Watu hudhani fonti nyembamba haina tatizo hili kwa kuwa mikono ya T ni mifupi. Ni mifupi kweli, lakini herufi nyingine zote zimekaribiana mno, kwa hiyo hata uwazi mdogo unapiga kelele. BAGAMOYO ina shida yake mwishoni, Y ikiwa imekaa kati ya O mbili.

Fonti nzuri huja na jozi za herufi zilizokwisha kupangiwa nafasi. Mapengo yakiwa mengi, kwanza hakikisha programu inazitumia jozi hizo. Mara nyingi imewekwa sifuri, au maandishi yamebandikwa kutoka programu nyingine. Ukikuta imewashwa na mapengo yapo, basi aliyetengeneza fonti hakuzifikia jozi zetu. TA na AV huwa zimepangwa. KW, MW na VY mara nyingi zimesahauliwa, na sisi hatuwezi kuandika mistari miwili bila mojawapo.

Rekebisha kwa mkono, lakini kwa mpango. Funika neno lote uache herufi tatu tu, linganisha nafasi zake mbili, sogea herufi moja mbele, funika tena. WAKAZI WA MWAMBANI ukiipitia hivyo inachukua dakika chache. Kisha geuza maandishi chini juu, ili macho yaache kusoma na yaanze kuona maumbo.

Tahadhari moja. WAWAKILISHI ina W na A zinazoingiliana vizuri, na kishawishi ni kuzibana hadi zishikane. Zikibanwa hivyo, nusu ya kwanza ya neno inakuwa nyeusi na ILISHI inabaki imetawanyika. Mlegevu ndiye anayeweka kipimo: tazama ILI kwanza, kisha ulegeze WAWA ifanane nayo. Na serifu mbili zikikutana, ama ziungane waziwazi ama zipishane kwa nafasi inayoonekana. Kugusana nusunusu kunasomeka kama doa la wino.

Ng' na alama yake

Dalili ziko tatu: alama imeelekea upande usio wake, alama ina sura ya fonti nyingine, au o ya ng'ombe imekaa mbali na ng kana kwamba ni neno jingine.

Upande usio wake hutoka kwenye maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye simu. Mteja amekutumia ujumbe, humo kuna kistari kilichonyooka au alama ya kufungua nukuu yenye umbo la 6. Inayotakiwa ina umbo la 9. Kwenye Windows bonyeza Alt pamoja na 0146 kwa namba za pembeni. Kwenye Mac ni Option, Shift na mabano mraba ya kufunga. Badilisha zote kwa mara moja kwa kutafuta na kubadili.

Sura ya fonti nyingine maana yake fonti uliyochagua haina alama hiyo na programu imeazima. Fonti ya namna hiyo iache, haitufai.

Pengo la o lina sababu ya maumbo: alama imekaa juu, chini yake hakuna kitu, na o ni fupi. Sogeza o iingie chini ya alama hadi nafasi ya ng na o ikaribie ile iliyopo kati ya o na m. Kwa herufi kubwa fanya kinyume: katika NG'OMBE alama nyembamba inamezwa na G na O, kwa hiyo iongezee nafasi kidogo pande zote mbili. Msomaji asiyeiona atasoma neno visivyo.

Fi iliyogandamana

Rafiki, safi, ofisi, kufika. Fonti nyingi huunganisha f na i kuwa umbo moja, na kwa kawaida inapendeza. Ukiongeza nafasi ya jumla, baadhi ya programu zinaiacha fi imeshikana huku herufi nyingine zikitawanyika. Zima muungano huo kwenye neno husika. Dalili ya pili ni ngeni kidogo: maandishi yanayonakiliwa kutoka PDF yanatoka "raki" badala ya rafiki. Chanzo ni hichohicho, na tiba ni hiyohiyo kabla ya kutengeneza PDF upya.

Matundu ya a na e yamejaa

Umebonyeza kitufe cha kunenepesha. Instrument Serif ina unene mmoja tu na umbo lake la mlazo. Ukidai unene zaidi programu inaipaka pembeni, na katika herufi nyembamba hakuna nafasi ya kupaka. Chagua fonti yenye unene huo uliochorwa, au kuza maandishi.

Mistari inagongana

Mikia ya g, j na y inagusa vichwa vya k na h vya mstari wa chini. Fonti hizi huvutia mistari ya karibukaribu, na inafaa kwa herufi kubwa tupu zisizo na mikia. Kwa herufi ndogo usishuke chini ya asilimia 100 ya ukubwa wa fonti. Ikigongana mahali pamoja tu, badilisha mahali pa kukata mstari kabla hujagusa kipimo.

Kiarabu kando ya Kiswahili

Mabango yetu mengi yana bismillahi juu na Kiswahili chini, na hapa kuna makosa mawili ya aina tofauti.

La kwanza ni la mashine: herufi za Kiarabu zimeachana, kila moja peke yake, au zimeanza kushoto. Hilo si jambo la sura, ni maandishi matakatifu yaliyoharibika, na halifai kutoka mkononi mwako. Programu haijawashiwa upangaji wa lugha za Mashariki ya Kati. Iwashe kwenye mipangilio ya aya, andika upya, na ukishamaliza mwombe anayesoma Kiarabu apitie kabla ya kuchapa.

La pili ni la jicho. Mtu ameona Kiswahili ni chembamba, akaona na Kiarabu kibanwe kifanane. Mwandiko wa Kiarabu hupanuka na kujikunja kwa kanuni zake, na urefu wa mistari yake ya mlalo ni sehemu ya usomaji. Usiubane kabisa. Fonti ya Amiri ya Khaled Hosny, iliyofufua mwandiko wa naskhi wa kiwanda cha uchapaji cha Bulaq cha Cairo, ina nguzo na nyuzi zinazokaa vizuri juu ya serifu nyembamba bila kuguswa. Oanisha kwa uzito: finya macho, tazama weusi wa mistari yote miwili, ukuze Kiarabu hadi weusi ulingane. Karibu kila mara kitahitaji pointi nyingi kuliko Kiswahili.

"Sisomi kutoka ng'ambo ya barabara"

Mafundi wa vibao huhesabu milimita 25 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Bango la kusomwa kutoka mita 30 linataka herufi za milimita 250. Kipimo hicho ni cha herufi za kawaida. Kwa nyembamba zenye nyuzi nyembamba mimi huongeza nusu yake, kwa sababu kutoka mbali uzi hupotea na nguzo peke yake haitoshi kuzitofautisha U na N. Ukitundika bango kwenye barabara za namba kule Ngamiani, msomaji wako yuko juu ya baiskeli au bodaboda. Ana sekunde chache.

Na ziko kazi ambazo fonti hii haifai kwa ukubwa wowote: mwelekeo wa wodi, tangazo la kipindupindu, maelezo ya dawa, fomu. Huko anayesoma ana wasiwasi au ana macho dhaifu, na anahitaji herufi pana, zenye matundu wazi, zisizo na nyuzi. Ipeleke nyembamba kwenye jina la taarabu, jalada la diwani, kadi ya nikahi, kichwa cha gazeti. Huko inang'ara.

Fonti imebadilika mashineni

Ulituma kitu kimoja, kimerudi kingine, mistari imekatika pengine na neno la mwisho limeanguka nje ya ukingo. Kompyuta ya mchapaji haina fonti yako na imeweka iliyo karibu, ambayo karibu kila mara ni pana zaidi. Tuma PDF yenye fonti ndani yake, au geuza maandishi yote kuwa mchoro kabla ya kutuma. Ukigeuza, hifadhi faili mbili zenye majina tofauti. Ile yenye maandishi hai ibaki kwako, maana kamati ikibadilisha tarehe usiku, kwenye mchoro hutaweza kuandika upya hata herufi moja.